Muulize Kihamba Chake Kiko Wapi

Mwaka 2017, kabla masika hayajashika, nilinunua miche 40 ya parachichi aina ya Hass kwa mtu niliyemjua kwa simu tu. Tulikutana kwenye grupu la wakulima la WhatsApp. Picha zake zilikuwa safi, maneno yake ya kiungwana, na bei yake ilikuwa chini kidogo ya ile ya vitalu vya barabarani. Miche ilifika siku aliyosema, juu ya pikapu, hadi njia panda ya kwetu Uru. Nikamlipa palepale. Jioni nikaingia kwenye grupu nikaandika kwamba huyu ni mtu mwaminifu, wasiogope.

Mwaka wa tatu miti ya jirani ikaanza kutoa maua. Yangu ilikuwa inarefuka tu. Nikamwita bwana shamba, akachutama, akapapasa shina la kwanza karibu na ardhi, akahamia la pili, la tatu, kisha akanyanyuka akijipangusa magoti. "Haijabebeshwa hii, mzee. Umeuziwa kokwa."

Maana yake ni kwamba yule bwana alikuwa ameotesha mbegu za parachichi za kienyeji, akaziita Hass. Nilipiga namba yake, haipatikani. Kilichoniuma kuliko hela ni kukumbuka kwamba watu watano au sita wa grupu walinunua kwake baada ya kusoma ushuhuda wangu, nami nilikuwa nimeutoa nikiwa nimeona majani tu.

Nimeanza na aibu hiyo kwa sababu maonyo mengi kuhusu biashara ya mtandaoni yanamlenga tapeli anayepokea hela na kutoweka. Huyo yupo, tutamfikia. Aliyeniumiza mimi alileta mzigo.

Kwa msomaji asiye wa huku mlimani Kilimanjaro, kihamba ni shamba la ukoo, la migomba na kahawa, lenye nyumba ya baba na makaburi ya babu. Mtu wa kihamba hahami usiku. Ukimkopesha mbuzi asilipe, utamkuta kanisani Jumapili, utamkuta msibani katikati ya wiki, na Desemba wajomba zake wakisharudi kutoka Dar na Arusha utalitoa jambo lako mbele yao, kata ya mbege ikizunguka. Anajua hivyo, na ndiyo maana hukopa kwa adabu.

Simu imetuondolea hilo. Mtu anayekuuzia friji mtumba, viatu vya kupandia mlima au ng'ombe wa maziwa ni jina, picha ya maua na namba kumi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama ni mtu mzuri, jiulize maswali mawili. Akinidanganya, atapoteza nini? Na mimi nitagundua baada ya muda gani? La kwanza ndilo la kihamba. La pili ndilo lililonishinda mimi, na ndilo watu wengi hawaliulizi kabisa.

Hatukuanza sisi

Kufanya biashara na mtu usiyemjua ni jambo la zamani kwenye mlima huu. Karne ya 19 misafara kutoka Pangani na sehemu nyingine za pwani ilipanda hadi kwa mangi, mtawala wa huku, kutafuta pembe za ndovu, ikileta nguo, shanga na waya. Njia moja iliyotumika sana Afrika Mashariki nzima ilikuwa kuchanjiana, mgeni na mwenyeji wakaonja damu na kuwa ndugu. Ukiliangalia kibiashara, mgeni asiye na kihamba alikuwa anapewa cha kuazima: akiwa ndugu wa mangi ana mahali pa kulala, na akivunja kiapo hana njia ya kupita tena.

Kahawa ilileta njia nyingine. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kwanza, KNPA, mwaka 1925, na kikafuatiwa na KNCU mwaka 1933. Tangu enzi hizo mkulima wa Kibosho amekuwa akimuuzia kahawa mkaangaji wa ng'ambo ambaye hatamwona maisha yake yote. Hakuna anayemwamini mwenzake kwa sura. Kahawa inakobolewa, inapangwa kwa madaraja, AA, A, B, PB na kuendelea, na kabla ya mnada wanunuzi hupewa sampuli wakaionja kwa kijiko. Neno "nzuri" halitoshi pale. Kuna ukubwa wa punje, kuna unyevu, kuna kikombe.

Na kuna duka la Mangi. Nchi nzima watu wa mitaani huliita hivyo duka la pembeni, hata kama mwenyewe anatoka Singida. Mangi hakukopeshi siku ya kwanza. Unanunua sukari robo kwa hela taslimu, kesho chumvi, mwezi unapita, siku moja umepungukiwa shilingi mia mbili naye anasema utaleta. Ukileta, jina lako linaingia kwenye daftari. Sijaona programu ya simu iliyoboresha utaratibu huu, zimeunakili tu. Ile tovuti ya mnada ya Marekani, eBay, iliyoanza 1995, ilikua kwa sababu iliwapa wanunuzi na wauzaji daftari la hadhara la kuandikana. Wachina wakaongeza mtu wa katikati: Alipay ilianza kuishika hela ya mnunuzi hadi aseme mzigo umefika na uko sawa.

Kwenye grupu lako la WhatsApp hakuna anayeishika hela hiyo. Admini si mdhamini, hata akiwa mchungaji. Yeye ana kitufe cha kumtoa mtu, basi, na mtu akitolewa huingia na laini nyingine.

Kabla ya kutuma hata shilingi

Uliza mzigo uko mkononi mwa nani. Wauzaji wengi wa mtandaoni ni mawinga: wanapiga picha vitu vya maduka ya Kariakoo, au wanachukua picha za wenzao, wanaongeza chao juu, wakipata mteja ndiyo wanakwenda kununua. Winga si tapeli. Wengine nawaamini kuliko wenye maduka. Ila winga anapokuhakikishia kwamba betri ni nzima, anasema jambo asilolijua, na inakubidi ulijue hilo wewe.

Kwa kitu kinachowaka, omba video ya papo kwa papo, si iliyorekodiwa. Kwa simu mtumba mazungumzo huwa hivi:

"Habari za saa hizi, dada. Ile simu bado ipo?"

"Salama, kaka. Ipo, imebaki moja tu."

"Iko kwako au iko dukani kwa mtu?"

"Iko kwangu."

"Basi nipigie video dakika moja. Iwashe, bonyeza *#06# nione namba zake zikitokea."

Namba zile ni IMEI. Ziandike, zitume kwa ujumbe kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya aina gani. Ukiambiwa ni aina nyingine na iliyo kwenye picha, shukuru na uage. Watanzania wa umri wangu wanakumbuka Juni 2016 simu bandia zilipozimwa nchi nzima, watu wakabaki na vioo vya kujitazamia.

Sikiliza jibu la ombi lako. Mwenye kitu atakwambia, "Subiri nishuke kwenye daladala," au, "Bando limeisha, nitafute saa moja." Asiye nacho atakasirika: kama huniamini acha, nina wateja wengine. Hasira hiyo ina kazi yake, inataka uone haya. Sisi watu wa huku tumelelewa kuona haya kumwonyesha mtu kwamba tunamshuku, na matapeli wamelielewa jambo hilo vizuri kuliko wanasaikolojia. Jifunze kuuliza bila kuomba radhi. Ukiulizwa wewe, usikasirike.

Kisha jina. Ukituma hela kwa simu, jina la mwenye laini hutokea kabla hujamaliza. Lisome. Tangu Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA zilipoanza kuzimwa, jina hilo lina uzito kuliko zamani, ingawa halitoshi, kwa kuwa wapo watu ambao vidole vyao vimesajili laini wasizozijua. (Za kwako zihakiki kwa kupiga *106#. Mama mmoja jirani yangu alijikuta ana laini tatu, na simu anayo moja, ya tochi.) Kama unaongea na dada na jina limetokea la mwanamume, utaambiwa ni laini ya mume. Yawezekana kabisa. Mwombe namba iliyo na jina lake mwenyewe, au lipa namba yenye jina la biashara. Asiyekuwa nayo hata moja, lakini anauza kila siku, ana jambo.

Ukimfuatilia mtu, fuatilia nyuma, usifuatilie sifa. Sifa hununuliwa, hutolewa na shemeji, au hutolewa na mjinga kama mimi nilivyofanya kabla ya wakati. Rudi kwenye grupu miezi sita, mwaka. Alikuwa akiuza nini? Namba ni ileile? Kuna aliyewahi kumlalamikia, na alijibuje? Mimi humthamini zaidi muuzaji mwenye lalamiko moja lililomalizwa mbele za watu kuliko mwenye shangwe tupu. Halafu wanaosifu, wapigie wawili. Waulize walinunua nini na lini, na kama bado kinafanya kazi.

Hapa pana mtego wa kwetu. Mtu akijua unatoka Marangu, naye atatoka Marangu. Atakutupia maneno mawili ya Kichaga, atakutajia soko la Mwika, atauliza mvua. Usimpe alama kwa hilo, mlimani tumezaliwa wengi. Muulize kama ungemuuliza mgeni wa bibi yako: ukoo gani, kitongoji gani, unasali wapi, jirani yako wa juu ni nani. Halafu mpigie mtu wa kitongoji hicho. Ukoo unathibitishwa na mtu wa tatu, na mtu huyo umchague wewe.

Hilo la kumchagua wewe nalisisitiza. Tapeli aliyekomaa huja na mdhamini wake: "muulize kaka yangu, yuko bandarini", au "huyu ni meneja wangu". Aliyebeba hatari ndiye anayechagua shahidi.

Bei nayo inasema. Kitu kinachouzwa laki nne kila mahali, kwako kikaja kwa laki moja na nusu, kina sababu, na sababu zenyewe hazizidi tano: kimeibwa, kibovu, hakipo, mwenyewe ana shida, au hajui thamani yake. Mbili za mwisho ndizo tunazozitumaini, na ndizo adimu. Ofa zinazokuahidi kwamba hela yako itazaa hela yenyewe si biashara kabisa, sitazieleza. Aliyepanda mbegu kwenye upatu wa DECI hadi ilipoanguka mwaka 2009 ameshasoma.

Arubuni, mzigo wa basi, na boksi lenye matofali

Baina ya Dar es Salaam na Moshi bidhaa nyingi za mtandaoni husafiri kwa basi. Muuzaji anapeleka boksi ofisi ya mizigo, anapewa risiti, anakupigia picha risiti na kukutajia namba ya gari, nawe unalipokea stendi ya Moshi kesho au usiku huohuo. Ni mfumo mzuri na una uaminifu wake. Tatizo ni watu kuisoma risiti kuliko inavyosema. Imeandikwa "boksi 1". Inathibitisha kwamba boksi limepokewa na litafika, haina habari kama ndani kuna blenda au tofali la Mbezi.

Njia nne, nazipanga kadiri ninavyozipenda.

Ya kwanza ni ndugu. Karibu kila nyumba ya Kilimanjaro ina mtu Dar. Mwombe kijana apite dukani au akutane na muuzaji palepale ofisi ya mizigo, afungue boksi, awashe kitu, akupigie, boksi lifungwe akiwa anaona, ndipo utume hela. Mpe nauli na ya soda. Gharama hiyo ihesabu ndani ya bei, na usimchoshe ndugu yako kwa vitu vya elfu kumi.

Ya pili ni kulipa ukipokea. Muuzaji mgeni hatakubali, na si kwa ubaya, kwa sababu naye amepigwa sana na wateja wanaoagiza kisha wakazima simu, mzigo ukarudi kwa gharama yake. Usimwite tapeli kwa kukataa.

Ya tatu inatokana na hiyo: kugawana hatari. Lipa arubuni inayotosha nauli ya boksi kwenda na kurudi, salio ulipe ukilifungua mbele ya mtu wa ofisi ya mizigo. Nikiagiza kwa mara ya kwanza huwa nasema hivi: "Kaka, sikujui hunijui. Nakutumia nauli ya kwenda na kurudi, nikikimbia hupotezi kitu. Salio nikifungua." Wengi hukubali. Waliokataa sikujua kama walikuwa wabaya, lakini sikuhitaji kujua.

Ya nne ni kuanza na kidogo, kama kwa Mangi. Unataka mashuka 20 ya nyumba ya wageni? Agiza mawili. Ila hapa pana tahadhari: tapeli mvumilivu hukuletea vizuri oda mbili ndogo ili ya tatu iwe kubwa. Ongeza kiasi taratibu, na usiruke kutoka elfu 30 kwenda milioni mbili kwa sababu tu mmeshazoeana na anakuita bosi.

Kwa vitu vya hapahapa mjini, kutaneni mchana mahali penye watu, mfano nje ya benki, ambapo hata noti zinaweza kuhakikiwa. Usikubali kufuata bodaboda "atakayekuleta nilipo". Kama ni ng'ombe wa maziwa, nenda mwenyewe na akamuliwe mbele yako jioni na asubuhi. Ng'ombe wa lita 20 kwenye picha nimemwona akitoa saba.

Vipimo viandikeni. Hapa tunarudi kwenye kahawa. "Gunia la viazi" lina lumbesa na lisilo na lumbesa. Sado ya maharage ina ya kufuta na ya kilemba. "Mkungu mkubwa wa mchare" huko Rombo na "mkubwa" wa mtu wa Dar anayefungua mgahawa ni mikungu miwili tofauti. Ugomvi mwingi ninaoombwa kuusuluhisha hauna tapeli ndani yake, una watu wawili waliotumia neno moja kwa vitu viwili. Andika kilo, idadi, aina, siku ya kuvunwa, nani analipa usafiri, na kitakachofanyika kikifika kimeoza. Ujumbe mmoja wa simu unatosha, mwenzako ajibu "sawa, nimekubali". Watu wa pwani walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Vitu vinavyochelewa kusema

Sasa turudi kwenye swali la pili, la utagundua lini. Nyanya inasema siku hiyohiyo. Simu inasema ndani ya wiki. Betri ya sola inasema baada ya miezi, mche unasema baada ya miaka, na mbegu ya mahindi inasema wakati majirani wameshavuna. Kadiri kitu kinavyochelewa kusema, ndivyo neno la muuzaji na sifa za grupu zinavyopungua thamani, na ndivyo unavyohitaji muuzaji atakayekuwepo.

Kwa miche ya parachichi, jifunze mwenyewe kuona kovu. Mche uliobebeshwa una alama pale kikonyo cha Hass kilipounganishwa na shina la kienyeji: uvimbe kidogo, ngozi mbili zisizofanana, mara nyingi mabaki ya nailoni. Mche usio na kovu ni kokwa, hata ukipewa jina la Kizungu. Lakini kovu nalo linakuambia umebebeshwa, halikuambii umebebeshwa nini. Kwa hilo huna budi kuujua mti mama. Omba kwenda kwenye kitalu. Kama ni mbali, tuma bwana shamba wa kule kwa malipo. Kwa mbegu na miche kuna taasisi ya kudhibiti ubora, TOSCI, inayosajili wazalishaji, muulize muuzaji usajili wake. Kwa kahawa wewe wa Kilimanjaro huna sababu ya kubahatisha, taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iko hapo Lyamungo.

Kama ningekuwa na grupu langu, ningepiga marufuku kusifia miche kabla ya mwaka wa tatu. Ningeruhusu kuandika "imefika".

Ukiwa wewe ndiye unayeuza

Vijana na akina mama wengi wanaoniuliza ni wauzaji: mama wa Old Moshi anayesaga unga wa ndizi, kijana wa Kiboriloni anayechambua mitumba daraja la kwanza, mpagazi anayeuza majaketi aliyopewa na wageni walioshuka mlimani. Wanalalamika kwamba ni waaminifu na hakuna anayewaamini. Kuwa mwaminifu kimoyomoyo hakumsaidii mteja, yeye haoni moyo. Mwonyeshe kihamba.

Tumia namba moja na usiibadili. Isajiliwe kwa jina lako na hilohilo ndilo wateja wakuitie. Chukua lipa namba. Kuwa na TIN, na ukifikia kiwango cha mashine ya EFD, toa risiti bila kuombwa. Taja mahali unapopatikana kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyafuata kwa miguu. Piga picha mwenyewe, kwenye mwanga wa asubuhi, na kipande cha karatasi chenye tarehe, usitumie picha za kuokota wala za kutengenezwa na kompyuta. Na kasoro itangulie: "Zipu ya mfuko wa kushoto haifungi" imemuuzia yule mpagazi jaketi haraka kuliko "kama jipya", kwa sababu mnunuzi aliyeambiwa zipu huamini na mengine yote.

Mzigo ukiharibika njiani kwa uzembe wako, rudisha hela siku hiyohiyo, kabla hujajitetea. Inauma. Mtu aliyerudishiwa hela atalisimulia jambo hilo hadi kwenye harusi.

Nawe jilinde. Meseji ya "umepokea" si hela. Fungua menyu uangalie salio kabla hujaachia mzigo, kwa sababu meseji huandikwa na mtu yeyote mwenye vidole. Pia yupo mteja anayelipa kweli, akachukua mzigo, kisha akaomba mtandao urudishe muamala akidai alikosea namba. Ndiyo maana yale makubaliano ya maandishi na picha ya mzigo mkononi mwake vinakufaa: mtandao ukikupigia, una la kuwaonyesha.

Ukishapigwa

Dakika kumi za kwanza ni za kupiga simu huduma kwa wateja wa mtandao uliotumia, ukiwa na kumbukumbu namba ya muamala. Kama hela haijatolewa wanaweza kuizuia. Usiupoteze muda huo kumtukana tapeli.

Usifute mazungumzo. Nenda polisi, eleza, chukua RB, hata kama hela ni ndogo na askari amechoka, kwa kuwa malalamiko kumi ya namba moja ni kitu tofauti na lalamiko moja. Namba ya tapeli iripoti kwenda 15040, hukohuko zinakopelekwa zile za "ile hela tuma kwenye namba hii".

Kwenye grupu, andika kilichotokea: tarehe, kiasi, namba, jina lililotokea kwenye muamala, ulichoahidiwa na ulichopata. Ishia hapo. Usibandike picha ya watoto wake na usimwite majina. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015 na inaweza kukugeukia kama habari yako ina chumvi. Isitoshe, mara mbili nimeona mtu akichafuliwa, kumbe boksi lilikuwa limelala ofisi ya mizigo nyuma ya magunia ya vitunguu.

Na ukiwa uliwahi kumsifu, rudi useme. Mimi nilirudi mwaka wa tatu, nikawaandikia wale niliowaponza, mmoja mmoja. Wawili walikuwa wameshaing'oa miti. Mmoja alinijibu kwa Kichaga neno ambalo sitalitafsiri.

Miti yangu 40 sikuing'oa. Bwana shamba aliniambia inakatwa juu na kubebeshwa upya. Vikonyo nilivipata kwa mama mmoja wa Machame, naye kwa simu. Nilimuuliza ukoo, kitongoji na jirani wa juu. Alicheka, akajibu vyote, kisha akaniuliza mimi vilevile, na jioni nikasikia kwa dada yangu kwamba kuna mtu amepiga kuuliza habari zangu. Nikamwambia anitumie vitano tu. Vilikuja na Noah ya asubuhi vimefungwa kwenye jani la mgomba lenye unyevu, na kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu siku vilipokatwa na mti vilikotoka. Vinne vilishika. Nilimpigia kumwambia, akaniuliza kwanza kuhusu kile cha tano, kilikauka kuanzia juu au kuanzia kwenye kovu.